Herufi ya Kichina naiona kwenye mkataba wa mkonge, kompyuta inasema haipo

BintiPongwe

Wakuu, heshima kwenu. Kwa wanaojua mambo ya maandishi ya kompyuta, hasa Kichina, naomba msaada kabla sijagombana na watu ofisini.

Nipo Tanga, ofisi ya wakala wa forodha. Kazi yangu ni makaratasi ya mkonge. Marobota yanashuka kutoka mashambani Muheza na Korogwe, mnunuzi yuko China, na mimi nipo katikati nalinganisha mkataba wake na karatasi zetu. Mikataba inakuja kwa PDF, nusu Kiingereza nusu Kichina. Kichina cha kusoma gazeti sina, ila maneno ya biashara hii nimeyazoea kwa sura: singa (nyuzi za mkonge), urefu, unyevu, rangi, daraja, tarehe. Kuna kijana alitutengenezea kaprogramu. Unanakili maandishi kwenye PDF, unabandika, kanatafuta kila neno kwenye orodha yetu na kukuwekea Kiswahili chake pembeni.

Sasa shida. Mkonge kwa Kichina ni 剑麻. Neno lipo kwenye orodha, tena mstari wa kwanza, maana ndiyo biashara yenyewe. Nikilibandika kutoka kwenye mkataba wa mnunuzi mmoja, programu inasema halipo. Nikiliandika mwenyewe kwenye simu nikajitumia, linapatikana. Nimeyaweka yote mawili juu na chini, nimeyakuza mpaka yamejaa kioo, siyaoni tofauti:

剑⿇
剑麻

Mkataba wa mnunuzi mwingine hauna tatizo hilo hata kidogo. Na si neno hilo peke yake. "Rangi" inagoma, "mita" inagoma, tarehe zinagoma zote. Lakini "bei" na "daraja" zinapita bila shida. Bosi anasema Wachina wamefanya makusudi ili tusinakili. Kijana wa programu anaapa programu ni nzima. Mimi naona kuna mtu hapa ananizungusha.

---

MtotoWaMakorora

Dada hiyo ni fonti. Pakua fonti ya Kichina, zima washa, imeisha hiyo. Ikikataa futa programu uweke upya.

---

BintiPongwe

Kaka, fonti ingekuwa haipo ningeona viboksi vitupu. Herufi naiona vizuri. Kompyuta ndiyo haiioni.

---

FundiChapa_Barabara8

Marahaba. Hukuniamkia, lakini naitikia hivyo hivyo, kwa umri huu wengi humu ni wanangu.

Binti, bosi wako awaache Wachina wa watu. Na kijana wako naye msimsakame, programu yake inafanya kazi kama inavyotakiwa. Hayo maneno mawili uliyoyaweka juu na chini ni tofauti. Fungua jedwali la hesabu, Excel au LibreOffice, lolote ulilonalo. Ile herufi ya pili ya kwenye mkataba ibandike A1. Ile uliyoandika kwa simu ibandike A2. Pembeni ya kwanza andika =UNICODE(A1), pembeni ya pili =UNICODE(A2). Ya mkataba itakupa 12231. Ya simu itakupa 40635. Wewe unatazama mchoro. Kompyuta inatazama namba, na namba hizo hazijakaribiana hata kwa bahati mbaya.

Tuje kwenye sababu, na hapa nitakuchosha kidogo kwa sababu jambo lenyewe nalipenda.

Kamusi ya kale ya Kichina usingeweza kuipanga kwa alifu be te wala kwa A, B, C, hawakuwa nazo. Walipanga kwa kipande. Kila herufi ina kipande kimoja ndani yake kinachohesabiwa ndicho kichwa chake, na herufi zote zenye kichwa hicho zinawekwa pamoja, kisha zinafuatana kwa idadi ya michirizo ya kalamu iliyobaki. Vichwa hivyo ndivyo vinavyoitwa radikali. Tazama hizi: 海 bahari, 河 mto, 湖 ziwa, 泪 chozi. Zote zina vitone vitatu kushoto, 氵, ndiyo maji yaliyobanwa. Kamusi iliyowafunga watu wote kwenye hesabu moja ni ile ya mfalme Kangxi, ya mwaka 1716: herufi 47,035 chini ya vichwa 214. Kuanzia hapo radikali zikawa na namba. Maji ni ya 85, mti ni ya 75, farasi ya 187. Na hiyo 麻 ya mkonge wako, ambayo peke yake ni katani, ni radikali ya 200.

Umeona tunakokwenda. Katani ni herufi ya kawaida, mtu anaiandika kwenye barua, kwenye mkataba, kwenye gunia. Na hiyo hiyo ni kichwa cha sura ndani ya kamusi. Unicode, ambao ndio mpango wa dunia wa kuipa kila herufi namba yake, ukaipa namba mara mbili: mara moja kama herufi ya kuandikia, mara ya pili kama alama ya kichwa cha kamusi. Herufi za kuandikia ziliingia kwa wingi mwaka 1992, 20,902 kwa mkupuo. Radikali 214 za Kangxi zikaja kutengewa eneo lao kwenye toleo la 3.0, mwaka 1999. Eneo hilo linaanza 12032 na kuishia 12245, zikiwa zimepangwa kama kwenye kamusi. Kwa hiyo hata jedwali huhitaji: chukua 12031, jumlisha namba ya radikali. Ya 200 inakupa 12231, ndiyo hiyo iliyokutesa.

Unicode wenyewe hawakutaka watu waandikie hizo. Maelezo yao yanasema wazi kwamba katika maandishi ya kawaida utumie herufi za kuandikia, radikali ubaki nazo pale tu unapohitaji kuonyesha kwamba hapa nazungumzia kichwa cha kamusi. Hata kwenye daftari lao zimeandikishwa kwenye kundi la alama, pamoja na vinyota na vidoti vya mapambo. Kwenye kundi la herufi hazimo.

Basi huyo mnunuzi wako kaandika radikali kwenye mkataba kwa nini? Hakuandika. Yeye aliandika 麻 ya kawaida kwa kibodi yake kama mtu yeyote. Kosa limezaliwa wakati wa kutengeneza PDF.

Watu hudhani ndani ya PDF mna maandishi. Mna amri za kuchora: chukua umbo namba fulani kutoka kwenye fonti hii, liweke hapa, chukua jingine, liweke pale. Namba ya umbo ni ya fonti yenyewe, haina uhusiano na Unicode. Ili unakili, PDF inabeba jedwali la kurudi nyuma linalosema umbo hili ni herufi ipi. Sasa fonti nyingi za Kichina, ili kuokoa nafasi, zina mchoro mmoja tu wa katani, na namba zote mbili, 12231 na 40635, zinaelekezwa kwenye mchoro huo huo. Kwenda mbele hakuna tabu. Kurudi nyuma ndiko kuna njia panda. Programu iliyotengeneza PDF inakuta umbo moja lina namba mbili, na programu nyingine hazijui kuchagua, zinachukua inayoikuta kwanza, ambayo ni ndogo. Ndogo ni radikali. Mnunuzi wako wa pili anatumia programu nyingine au fonti nyingine, ndiyo maana ya kwake ni safi.

Na ndiyo maana "bei" na "daraja" zinapita. 价格 na 等级: hakuna hata herufi moja humo ambayo ni radikali nzima. Lakini rangi ni 颜色, na 色 ni radikali ya 139. Mita ni 米, ya 119. Tarehe wanaandika mwezi 月 na siku 日, ya 74 na ya 72. Kila tarehe kwenye mkataba ina vidudu viwili.

Kwa waliopita chuo cha Kurani nitasema hivi. 'Ain ya mwanzo wa neno, ya katikati, ya mwisho na ya peke yake zina sura nne, lakini mwalimu alikufundisha ni 'ain moja. Unicode nayo inaijua ni moja, namba 0639 kwa hesabu ya kumi na sita. Ila kwa ajili ya mifumo ya kizamani ikahifadhi pia sura moja moja: FEC9, FECA, FECB, FECC. Mimi nimepanga vitabu vya chuo na tenzi za wazee wa hapa Tanga waliotaka Kiswahili chao kibaki kwenye herufi za Kiarabu. Ukinakili kutoka PDF mbovu unaletewa sura badala ya herufi, unatafuta "Ali" kwenye utenzi wenye kina Ali kumi, unaambiwa hayupo. Ugonjwa ni huu huu.

Dawa. Unicode wana kanuni ya kusawazisha, inaitwa NFKC. Radikali zote 214 za Kangxi zimeandikiwa mle kwamba asili yake ni herufi fulani, kwa hiyo ukipitisha maandishi kwenye NFKC, 12231 inageuka 40635 bila kumuuliza mtu. Python, lugha ya kuandikia programu, inayo ndani tayari. Lakini mwambie kijana asipitishe maandishi yote! NFKC ina mkono mzito. Alama ya mkato pana ya Kichina inageuzwa mkato wa kawaida, na kama mnahifadhi faili za CSV, ambazo hutenganisha safu kwa mkato, safu zenu zinavurugika. Mbaya zaidi, ½ inapasuliwa kuwa 1, mstari, 2. Mkataba ukisema 2½, baada ya kusawazisha unasomeka 21⁄2. Kwenye biashara ya tani hilo si jambo la kucheka. m³ nayo inakuwa m3. Asawazishe zile za eneo la radikali tu:

```
import unicodedata

def safisha(s):
    toka = []
    for h in s:
        if 0x2F00 <= ord(h) <= 0x2FD5:
            h = unicodedata.normalize("NFKC", h)
        toka.append(h)
    return "".join(toka)
```

2F00 na 2FD5 ndizo 12032 na 12245 zile zile kwa hesabu ya kumi na sita. Aiweke kabla ya kutafuta.

---

BintiPongwe

Shikamoo mzee, hiyo ni ya kweli sasa. Na nakushukuru sana.

Nimejaribu =UNICODE, ni 12231 na 40635 kama ulivyosema. Nimemsomea bosi, ameguna akaondoka. Kijana ameweka hiyo kitu. Mkonge umepatikana, rangi, mita, tarehe zote zimepatikana. Ila kuna neno moja limebaki na ni muhimu kwetu, maana madaraja ya mkonge yanakwenda kwa urefu wa singa. Urefu, 长度. Kwenye mkataba linakuja hivi: ⻓度. Nimepima ile ya kwanza inanipa 11987. Haimo kwenye eneo lako ulilosema. Tena chini ya kila ukurasa kuna neno jingine halikubali, nadhani ni "ukurasa".

---

FundiChapa_Barabara8

Marahaba binti. Umepima kabla ya kuuliza, nimefurahi. Hiyo 11987 ni mtoto wa nyumba ya pili, na nyumba ya pili ndiyo yenye ukorofi.

Kangxi ni wa mwaka 1716. China bara walirahisisha maandishi yao katika karne ya 20, na neno la "urefu" kwenye kamusi ile ni 長, siyo 长. Samaki ni 魚, siyo 鱼. Kwa hiyo vichwa vilivyorahisishwa havimo kwenye zile 214. Wala vile vilivyobanwa, kama vitone vitatu vya maji. Unicode wakaongeza eneo jingine, la nyongeza, kuanzia 11904 hadi 12019, lina alama 115. Ukihesabu utaona nafasi ni 116. Moja, ya 11930, imeachwa wazi.

Sasa sikiliza ukorofi wenyewe. Zile 214 zote ziliandikiwa asili yake kwa ajili ya NFKC. Hizi 115 hazikuandikiwa, isipokuwa mbili tu: ya mama, ⺟, na ya kobe, ⻳. Nyingine zote NFKC inazipita kama haijaziona. Unaweza kusawazisha mpaka jioni, 11987 itabaki 11987. Mtu anaweka NFKC, anaona mambo yamenyooka, anafunga kazi, kumbe nusu ya ugonjwa imo. Na wanaoumia ni wanaofanya kazi na Kichina cha bara, maana ndimo vilimo vichwa vilivyorahisishwa.

Kwa hizi kuna faili Unicode walilitoa na toleo la 11, mwaka 2018, linaitwa EquivalentUnifiedIdeograph.txt. Ni orodha tu: radikali hii, herufi yake ya kuandikia ni hii. Kijana alipakue alisome lote, ndiyo njia sahihi. Kwa leo, ili usikae bila kazi, aongeze hizi zinazojitokeza sana:

```
NYONGEZA = {
    0x2EC5: 0x89C1,  # 见 kuona
    0x2ECB: 0x8F66,  # 车 gari
    0x2ED3: 0x957F,  # 长 urefu
    0x2ED4: 0x95E8,  # 门 mlango
    0x2EDA: 0x9875,  # 页 ukurasa
    0x2EDB: 0x98CE,  # 风 upepo
    0x2EE2: 0x9A6C,  # 马 farasi
    0x2EE5: 0x9C7C,  # 鱼 samaki
    0x2EE9: 0x9EC4,  # 黄 manjano
}
s = s.translate(NYONGEZA)
```

Nimekuwekea namba badala ya herufi kwa makusudi. Ukibandika herufi zenyewe humu, wewe unayezisoma hutajua kama nimeweka ya kushoto au ya kulia, na mimi baada ya mwezi sitajua. Manjano nimeiweka kwa sababu ya rangi ya singa zisizooshwa vizuri korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Mnunuzi wa China hawezi kuacha kulalamikia hilo.

Kwa maoni yangu hili eneo la nyongeza ni kazi iliyofanywa nusu. Unaweka alama 115, unajua zina ndugu zao, unawaandikia wawili tu, halafu inachukua miaka 19 kutoa orodha ya waliobaki. Na orodha hiyo iko faili la pembeni ambalo programu nyingi hazilisomi.

---

MwanafunziWaUsiku

Naomba kuuliza kitu kinachofanana. Kama vichwa ni 214 tu, kwa nini wasingevipa namba hivyo 214 halafu kompyuta iunganishe? Nasoma kwamba Unicode sasa ina herufi za Kichina zaidi ya 97,000, kila moja na namba yake. Hii si hasara? Maji + kitu = bahari, basi.

---

AliyesomaWuhan

Nijibu hilo, maana nilipokuwa nasoma kule nilimuuliza mwalimu swali hilo hilo na akanipa saa nzima. Sasa hivi niko Bagamoyo nafundisha Kichina cha kuanzia kwa vijana wanaotaka kuongoza watalii Kaole.

Wakorea wanaweza. Maandishi yao yana sauti chache zinazopangwa kwenye mraba, na Unicode inaruhusu uandike vipande vikaungana, ingawa pia walipewa miraba yote 11,172 ikiwa tayari. Kwa Kichina haikubali, kwanza kwa sababu radikali 214 hazikuundwa ili kujenga herufi. Ziliundwa ili kutafuta herufi kwenye kamusi. Chukua bahari, 海. Kushoto maji. Kulia 每, na 每 haimo kwenye zile 214. Ungehitaji vipande vingine mamia, na vipande vya vipande.

Halafu kipande hubadilika sura kulingana na kilipokaa. Maji kamili ni 水, kushoto ni 氵, na chini ya 泰 kinakuwa 氺. Moto ni 火, lakini chini ya 热 ni vitone vinne, 灬. Nani ataiambia kompyuta ibane kiasi gani na wapi? Fonti nzuri kila herufi huchorwa ikatazamwa yenyewe kwa jicho la mtu.

Na kamusi zenyewe hazifuati unachokiona. Wanafunzi wangu hulia na pombe, 酒. Ina vitone vitatu vya maji wazi kabisa, wanaitafuta kwenye maji, hawaipati. Kangxi ameiweka chini ya 酉, chombo cha pombe, ile ya kulia.

Kitu kilichopo cha karibu na unachotaka ni alama za kuelezea umbo. Kuna ⿰ ya kusema "kushoto na kulia", ⿱ ya "juu na chini", ⿸ ya "imefunika toka juu kushoto", na kadhalika. Zilikuwa 12 mwaka 1999, zimeongezwa 2023. Bahari unaieleza ⿰氵每. Katani ya dada hapo juu ni ⿸广林: paa, ndani yake msitu. Lakini ni maelezo tu. Ukiandika hivyo utaona alama tatu zimepangana, hazitaungana kuwa herufi. Zinawafaa watu wanaokuta herufi ya kale isiyo na namba wakataka kumweleza mwenzao inavyofanana.

Kuna namna za kuchapa kwa vipande, Wubi na Cangjie, vidole vya wenyewe vinaruka kama mashine. Hata hapo vipande vinaishia kwenye kibodi. Kinachohifadhiwa kwenye faili ni namba moja ya herufi nzima.

Mzee Fundi, nakuheshimu ila hapo kwenye kulaumu sikubaliani nawe. Mimi nikiwatengenezea vijana karatasi ya faharasa ya radikali, zile alama nazihitaji. Nataka kuandika ⺡ peke yake kama kichwa cha orodha bila kusema ni herufi. Kiwango cha Taiwan, CNS 11643, kilikuwa tayari na radikali zimetengwa na herufi zake kabla Unicode hawajazigusa. Ungewaambia wao watupe data zao?

---

FundiChapa_Barabara8

Mwalimu, karatasi yako ya faharasa ningekupangia kwa 氵 ya kawaida, namba 27701, na hakuna mwanafunzi angejua. Data za Taiwan nakubali, mtu akikupa mzigo una vitu viwili huwezi kumrudishia kimoja. Ninacholaumu ni kuwaacha wale 113 bila kuwaandikia asili. Hilo hujanijibu.

---

AliyesomaWuhan

Sijakujibu kwa sababu wengine hawana asili moja iliyo wazi. Kuna alama kule zinazoweza kuelekezwa kwa herufi mbili, kutegemea unazitazama kwa Kichina au Kijapani. Na kanuni ya kusawazisha ikishatolewa hairuhusiwi kubadilishwa, sharti lao wenyewe. Kwa hiyo wasipoweka mwanzoni, mlango umefungwa, inabaki faili la pembeni.

---

FundiChapa_Barabara8

Hapo kwenye sharti umenipata. Kwa samaki na farasi bado naona uvivu.

---

MtotoWaMakorora

Mzee mimi nilisema fonti na nyie mmesema fonti ina mchoro mmoja namba mbili. Kwa hiyo ilikuwa fonti 😂

---

FundiChapa_Barabara8

Fonti ya China, kijana. Wewe ulitaka dada apakue ya kwake hapa Tanga.

---

BintiPongwe

Nacheka peke yangu ofisini. Urefu umekubali, ukurasa umekubali. Manjano imo pia, na kweli wamelalamikia.

Mzee swali la mwisho. Nina mikataba ya nyuma, mafaili mengi yamelala kwenye kompyuta ya ofisi. Bosi sasa amegeuka, anataka tuisafishe yote ili itafutike. Nianze? Na je, nimwandikie mnunuzi arekebishe huko kwake?

---

FundiChapa_Barabara8

PDF zenyewe usiziguse. Hizo zimesainiwa, ndizo mtakazoshika siku mkikosana na mtu. Chomoa maandishi yake uyaweke kwenye faili za kawaida pembeni, jina lile lile la mkataba, yasafishe hayo, na utafutaji ufanyike humo. Siku kijana akipata lile faili la Unicode lote unarudia kusafisha kutoka kwenye PDF zile zile, hujapoteza kitu. Faili ambalo limeshasafishwa usilisafishe juu yake tena, anza na la asili.

Mnunuzi mwandikie, lakini usimwambie habari za radikali, atadhani unamfundisha Kichina. Mwombe akutumie na nakala ya Word pamoja na PDF. Kwenye Word namba ni ile aliyoichapa kwa mkono wake, haijapita kwenye fonti na kurudi.

Ikitokea herufi nyingine imegoma, pima kwanza. Ikiwa kati ya 12032 na 12245, safisha() haijaitwa mahali fulani. Kati ya 11904 na 12019, inakosekana kwenye NYONGEZA. Nje ya hapo, yaelekea neno hilo kweli halimo kwenye orodha yenu na mtafute mtu wa kulitafsiri. Ukija kuuliza hapa weka namba yake. Picha ya kioo haitatusaidia.

---

BintiPongwe

Sawa mzee. Nimeshamwandikia.